Filta ya imeili kwenye seva inavyokamata spamu, fishingi na virusi, na namna ya kuiseti ofisini kwako

Wakuu, hii nimeamua kuiandika kwa urefu maana ofisi nyingi hapa Mwanza, kuanzia wauza minofu na mabondo ya samaki, mawakala wa forodha, maduka ya vipuri mpaka shule binafsi, sa hivi zina imeili ya domeini yao wenyewe, yaani jina lao la intaneti, lakini ile filta inayokaa kwenye seva hamna mtu ofisini anayejua inafanya nini hasa. Kinachojulikana ni kwamba saa ingine imeili inatupwa kwenye spamu, saa ingine haifiki kabisa, na mteja wa Ulaya akilalamika kwamba barua zake zinarudi basi bosi anaamuru filta izimwe. Usizime filta. Jua inafanyaje kazi, alafu rekebisha ile sehemu moja iliyokosea.

Cha kushika kabla ya yote ni kwamba filta haijui nia ya mtu. Haisomi barua ikasema huyu tapeli, huyu mwaminifu. Inakusanya ushahidi kidogo kidogo kwa hatua, na kila hatua inaona kitu kimoja tu, haioni vingine. Ukijua hatua ipi inaona nini unajua pia ipi haioni, na kule kusikoonwa na filta yoyote ndo hela za watu wetu zinapotelea, ntafika huko.

Barua haijasomwa, tayari inapimwa

Seva ya anayekuandikia inagonga seva yako kwenye poti 25. Hapo hakuna hata herufi moja ya barua iliyotumwa, kinachojulikana ni namba ya IP tu, yaani anwani ya ile mashine kwenye intaneti, ila hiyo IP peke yake inasema mengi. Seva yako inauliza DNS, kile kitabu cha majina na namba cha intaneti, hii IP ina jina? Na hilo jina ukiliuliza linarudisha IP ileile? Seva ya maana ya kutuma imeili huwa ina jina lililonyooka, wakati kompyuta ya mtu iliyotekwa na virusi ikageuzwa mtambo wa kumwaga spamu huwa haina jina, au ina lile jina la jumla ambalo kampuni ya intaneti inawapa wateja wake wote.

Afu kuna orodha za IP zenye rekodi mbaya. Inayotumika sana ni ya Spamhaus, orodha yao ya pamoja inaitwa ZEN. Kuuliza kwenyewe ni DNS ya kawaida tu, IP inageuzwa nyuma mbele, kwahiyo 192.0.2.45 inaulizwa kama 45.2.0.192.zen.spamhaus.org, jibu likija linaloanza na 127.0.0 maana yake ameorodheshwa, lisipokuja jibu basi hayumo. Ni haraka na haikuli nguvu ya seva, na ndo maana hatua hii inawekwa mbele, takataka nyingi zinaishia hapahapa mlangoni.

Sasa sikiliza hapa vizuri maana watu wengi wanaumia bila kujua. Seva yako ikiwa inauliza DNS kupitia huduma za umma kama 8.8.8.8, Spamhaus hawajibu hilo swali, wanarudisha 127.255.255.254 ambayo ni taarifa ya kosa na wala siyo kwamba mtu kaorodheshwa. Filta iliyosetiwa kizembe inaweza kulisoma hilo jibu kama "ameorodheshwa" ikakataa kila barua ya kila mtu, na iliyosetiwa kizembe kwa upande wa pili inapuuza tu, kwahiyo unaamini unachuja kumbe huchuji. Dawa ni kuweka kisuluhishi chako mwenyewe cha DNS kwenye seva ileile, Unbound inatosha kabisa, ni ya bure na kuiseti hakuchukui muda.

Orodha hiyohiyo ndo inaeleza kwanini seva uliyoiweka chumba cha nyuma pale ofisini, ukaiunganisha na laini ya kawaida ya intaneti, barua zake zinakataliwa nje. Ndani ya ZEN kuna sehemu inaitwa PBL, inabeba IP za laini za wateja wa kawaida ambazo hazitarajiwi kutuma imeili moja kwa moja. Hujafanya kosa lolote, ila IP yako iko kwenye kundi hilo. Pitisha barua zako kwenye seva ya kutuma ya kampuni inayokuhosti, na shida inaisha. Na wale mliopo kwenye hosti ya kuchangia, mjue mnachangia pia sifa ya IP, jirani mmoja akidukuliwa tovuti yake ikaanza kumwaga spamu wote mnaingia kwenye orodha, kwahiyo ukiona ghafla wateja wote wanasema hawapati barua zako, kagua IP kwanza kabla hujabadilisha kitu kingine chochote.

Kuna mbinu ingine hapohapo mlangoni, watu wanaiita greilistingi. Filta inaiambia seva isiyoijua "rudi baadae" kwa namba ya 451. Seva halali inaweka barua kwenye foleni na kujaribu tena, maana kanuni za SMTP, lugha ambayo seva zinatumiana imeili, zinaitaka ivumilie siku 4 mpaka 5 kabla ya kukata tamaa, wakati programu nyingi za spamu zinatupa na kukimbia hazirudi. (Kwa hiyohiyo kanuni, umeme ukikatika usiku mzima na seva yako ikazima, barua hazipotei, zinasubiri kule zilikotoka.) Ubaya wa greilistingi ni kuchelewa, Postgrey, programu ya kazi hiyo, kwa kawaida inashikilia sekunde 300, na kama unasubiri namba ya uthibitisho inayokufa baada ya dakika 5 utalia. Mimi napendelea isiwashwe kwa kila mtu, iwake tu kwa barua ambazo tayari zina dalili za mashaka, na Rspamd, programu ya bure ya kuchuja imeili, inafanya hivo yenyewe.

Anayesema ni nani, ndiye kweli?

Hapa ndo pazito na ndo pa kuelewa kuliko pote. Imeili ina majina mawili ya mtumaji. Moja ni la kwenye bahasha, seva inalitaja kwa amri ya MAIL FROM na wewe msomaji hulioni. La pili ni lile la juu ya barua, From, ambalo ndo linatokea kwenye simu yako. SMTP ilivyotungwa haikuweka sharti lolote kwamba majina hayo yafanane wala yawe ya kweli, mtu yeyote anaweza kuandika jina la mkurugenzi wako pale juu. Udhaifu huo haujarekebishwa kwa kubadilisha SMTP, umezibwa kwa vitu vitatu vilivyowekwa pembeni, kwenye DNS.

SPF ni tangazo la domeini kwamba "barua zangu zinatoka kwenye seva hizi tu". Filta inachukua domeini ya kwenye bahasha, inaangalia tangazo, inalinganisha na IP iliyogonga. Tangazo lenyewe ni mstari mmoja wa TXT, yaani maandishi tu kwenye DNS, mfano v=spf1 mx -all, maana yake seva zangu za kupokea ndo pia zinatuma na wengine wote kataa. Angalia usizidishe kuunganisha huduma za watu ndani yake, mwisho ni maulizo 10 ya DNS, ukipita hapo tangazo zima linahesabika bovu. SPF ina udhaifu mmoja wa asili, barua ikifowadiwa inafika kutoka IP ingine, kwahiyo inafeli japo ni halali.

DKIM ni sahihi ya kimahesabu. Seva inayotuma inasaini barua kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa wazi unakaa kwenye DNS ya domeini. Filta yako inaupakua na kuhakiki, mtu akibadilisha hata tarakimu moja ya namba ya akaunti njiani, sahihi inavunjika. Hii inavumilia kufowadiwa ila haivumilii mtu kuongeza maandishi chini ya barua. Weka ufunguo wa biti 2048.

Hizo mbili zinaweza kufaulu na bado ukadanganywa, kwasababu tapeli anaweza kuweka domeini yake halali kwenye bahasha, akafaulu SPF vizuri kabisa, alafu pale From akaandika domeini yako wewe. DMARC ndo inaziba hapo, inadai kwamba domeini iliyofaulu SPF au DKIM iwe ileile inayoonekana kwenye From, na inakuruhusu mwenye domeini kusema isipofanana ifanywe nini, p=none yaani angalia tu, p=quarantine yaani tenga, p=reject yaani kataa. Anza na none huku ukipokea ripoti, mfano v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@mfano.co.tz kwenye jina la _dmarc.mfano.co.tz, soma ripoti wiki kadhaa mpaka ujue huduma zako zote halali zinasaini, alafu panda mpaka reject. Ofisi nyingi zinaishia none na kusahau, na domeini iliyoachwa none inamaanisha mtu anaweza kuwaandikia wateja wako kwa jina lako na filta zao hazina ruhusa yako ya kumkataa.

Na hili siyo la hiari tena. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanadai kila anayewatumia awe na SPF au DKIM, na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail awe na zote tatu. Jikague sasa hivi, kwenye terminal andika amri ya dig +short txt mfano.co.tz ukiweka domeini yako, kisha fanya hivohivo kwa _dmarc mbele yake. Ikirudi patupu, hapo ndo pa kuanzia leo kabla ya kununua kitu chochote.

Kujumlisha pointi

Barua ikishapita mlangoni ndo maudhui yanaangaliwa, na hapa filta inafanya kama yule mpokeaji wa sangara kiwandani, anaangalia macho, anafunua mashavu, ananusa, anabonyeza nyama, dalili moja peke yake haimfanyi amkatae samaki lakini zikijumlishwa anaamua. SpamAssassin, programu iliyoanza mwaka 2001 na bado inatumika sana, ina mamia ya kanuni na kila kanuni ina pointi zake, zingine za kuongeza, zingine za kupunguza. Barua ya picha tupu bila maneno, maandishi meupe juu ya meupe yaliyofichwa, tarehe ya mbele kuliko leo, kichwa cha habari chote kwa herufi kubwa, kila moja inaongeza. Jumla ikifika 5.0 barua inapigwa muhuri wa spamu. Rspamd inatumia ngazi, ukiisakinisha ilivyo pointi 4 inachelewesha, 6 inaweka alama, 15 inakataa kabisa.

Shida yetu sisi ni lugha. Kanuni nyingi za maneno zinazokuja na hizi programu ziliandikwa kwa spamu za Kiingereza, haziijui "ile hela tuma kwenye namba hii", haziijui "jiunge na Freemason upate utajiri", haziijui "mkopo wa haraka bila dhamana". Barua ya namna hiyo ikitoka kwenye akaunti halali ya Gmail inapita hatua zote za juu salama, na kanuni za maneno hazioni kitu.

Kinachoziba hilo pengo ni Bayes, na hii naisisitiza kwa nguvu zote maana naona inaachwa bila kufundishwa. Bayes haina kanuni iliyoandikwa na mtu. Inahesabu kila neno limetokea mara ngapi kwenye spamu zako na mara ngapi kwenye barua zako nzuri, na barua mpya ikija inapima maneno yake kwa hesabu hizo. Kwahiyo haijali ni Kiswahili, Kisukuma au Kiingereza cha kuunga unga, inajifunza kutoka sanduku lako. Neno "minofu" au "kontena" kwenye ofisi ya msafirishaji wa samaki linakuwa dalili ya barua nzuri, wakati kwenye shule halina maana yoyote. Lakini haianzi kufanya kazi mpaka ione mifano ya kutosha, SpamAssassin na Rspamd zote zinasubiri barua 200 za spamu na 200 nzuri. Watu wanafundisha spamu tu, hawafundishi nzuri, alafu wanashangaa Bayes imelala. Tengeneza folda mbili kwenye kila sanduku, moja ya spamu iliyopenya, moja ya barua nzuri iliyokamatwa kimakosa, waambie wafanyakazi wahamishie humo badala ya kufuta, na seva izisome kila usiku na kujifunza. Kwa kuanzia chukua barua halali za miaka iliyopita za kwenye kumbukumbu ya ofisi, hizo 200 nzuri unazo tayari.

Kuna pia alama za vidole za barua. Spamu moja inatumwa kwa mamilioni ya watu, kwahiyo mifumo kama Razor, Pyzor na DCC inatunza muhtasari wa barua zilizoripotiwa au kuonekana kwa wingi, na filta yako inauliza kama hii imeshaonwa kwingine.

Fishingi

Barua ya fishingi inataka uingie kwenye ukurasa wa uongo uandike paswedi yako, kwahiyo filta inakazana na linki. Inatoa kila linki ndani ya barua na kuuliza domeini zake kwenye orodha kama SURBL, URIBL na DBL ya Spamhaus. Inalinganisha maandishi unayoyaona na linki ya kweli iliyo chini yake, pameandikwa jina la benki lakini linki inaenda kwingine kabisa, hiyo ni pointi nyingi. Inaangalia umri wa domeini pale inapoweza, maana domeini iliyosajiliwa jana usiku kisha leo asubuhi inakutumia "akaunti yako itafungwa" haina sababu nzuri ya kuwepo. Inaangalia pia majina ya kufananisha, mfano.co.tz ikawa mfan0.co.tz kwa sifuri, au rnfano.co.tz ambapo r na n zimebanana zikafanana na m, kwenye kioo kidogo cha simu huwezi kuona tofauti, seva inaona kwasababu inasoma herufi moja moja. Kuna na zile za herufi za alfabeti ngeni zinazofanana na zetu, hizo kwenye seva zinatokea zikianza na xn-- na zinajianika zenyewe.

Matapeli nao wanasogea. Wanaficha linki ndani ya msimbo wa QR kwenye picha au PDF ili filta isione maandishi ya linki na wewe uiskani kwa simu, iliyo nje ya ulinzi wa ofisi. Wanaweka ukurasa safi asubuhi barua inapokaguliwa, mchana wanaubadilisha. Huduma kubwa za kulipia zinajibu hilo la pili kwa kubadilisha linki zote zipitie kwao, ili zikaguliwe tena pale unapobonyeza.

Virusi na atachimenti

Hapa filta inafungua kila kilichobandikwa. Haiamini jina la faili, inasoma baiti za mwanzo, programu ya Windows inaanza na MZ, zip inaanza na PK, PDF inaanza na %PDF, kwahiyo ukibadilisha jina la programu ukaiita invoisi.pdf haidanganyiki. Mchezo wa majina ni wa zamani, ILOVEYOU ya Mei 2000 ilisambaa dunia nzima kwa faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, kwasababu Windows ilificha ile sehemu ya mwisho watu wakaona ni maandishi ya kawaida.

Baada ya hapo faili linalinganishwa na database ya alama za virusi vinavyojulikana. Kwa seva za bure ni ClamAV, database yake inasasishwa na freshclam, na inakula RAM zaidi ya GB 1 kwa alama peke yake, kwahiyo seva ndogo ya GB 1 itakufa ukiiwasha. Chukua ya GB 4 uwe na amani. Usiposasisha database ni kama huna kitu, virusi vipya vinatoka kila siku na vingi vinajibadilisha baiti kila vinapotumwa ili alama ya zamani isivishike.

Kwa sababu hiyo usitegemee alama tu, kataza aina za mafaili. Ofisi yako haina sababu ya kupokea .exe, .scr, .js, .vbs, .lnk, .iso wala .hta kwa imeili, zikatae zote, hata zikiwa ndani ya zip. Mafaili ya Word na Excel yenye makro, yaani vijiprogramu vya ndani ya faili, yatenge. Microsoft walianza kuzuia makro za kutoka intaneti mwaka 2022, na matapeli wakahamia kwenye ISO, LNK, na 2023 wakaingia kwenye mafaili ya OneNote, kwahiyo hiyo orodha yako ipitie mara kwa mara. Zip yenye paswedi filta haiwezi kuona ndani, na barua inayokuja na zip imefungwa alafu paswedi imeandikwa hapohapo chini ya salamu, huyo mtu hafichi siri kwa wezi, anaifichia filta. Tenga. Huduma za kulipia zinaongeza kitu cha kufungulia faili kwenye kompyuta ya bandia na kuangalia linafanya nini, ni nzuri, japo virusi vingine vinajua kusubiri au kugundua kwamba viko kwenye mtego.

Ambayo filta haioni

Sasa wasafirishaji hapa kwetu hii muisome mara mbili. Anachofanya tapeli mkubwa hatumi virusi kabisa. Anapata paswedi ya imeili ya muuzaji kwa fishingi, anaingia kimyakimya, anaseti kanuni ya kumfowadia kila barua yenye neno invoisi au malipo, anakaa wiki anasoma. Anajua mabondo kilo ngapi, bei gani, mnunuzi yuko wapi, mnaitanaje. Siku profoma (invoisi ya awali) inatumwa, dakika chache baadae mnunuzi anapata barua ingine kwenye mazungumzo yaleyale, "samahani, akaunti ile iko kwenye ukaguzi, tafadhali tumia hii". IP safi, SPF imefaulu, DKIM imefaulu, DMARC imefaulu, hamna linki, hamna atachimenti ya ajabu, Kiingereza ni chenu kilekile. Kila hatua niliyoeleza hapo juu inasema sawa, na inasema ukweli, barua imetoka kweli kwenye akaunti ile. TT, yaani malipo ya benki kwa benki, ikishaenda kuirudisha ni kazi ngumu sana.

Filta inaweza kusaidia kidogo. Mara nyingi anatumia Reply-To (anwani ya kujibiwa) tofauti au domeini ya kufananisha kwa barua zinazofuata, weka kanuni ya kuongeza pointi Reply-To isipofanana na From. Weka alama ya wazi juu ya kila barua inayotoka nje ya ofisi. Weka kanuni ya maneno ya kubadili akaunti, kwa Kiswahili na Kiingereza, barua hizo zisikataliwe bali zibandikwe onyo jekundu. Lakini ulinzi wenyewe uko nje ya seva, washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kila sanduku, kagua kila mwezi kanuni za kufowadi ambazo hukuziweka, na andika kwenye mkataba kwamba akaunti ya benki haibadilishwi kwa imeili, mpaka simu ipigwe kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, siyo ile iliyoandikwa kwenye hiyo barua.

Kuiunganisha

Kama unatumia Google Workspace au Microsoft 365 hatua zote hizo zipo tayari ndani, kazi yako ni DNS tatu, onyo la barua za nje na hatua mbili. Kama una seva yako, mchanganyiko ninaoupendekeza ni Postfix (inayopokea na kutuma barua), Rspamd, Redis (inayotunza data za Rspamd), ClamAV na Unbound, vyote bure. Postfix inapewa mstari wa smtpd_milters = inet:localhost:11332 ili kila barua ipite kwa Rspamd wakati seva ya mtumaji bado iko kwenye laini. Hiyo ya kukataa wakati bado yuko kwenye laini ni muhimu, ukishaipokea barua kisha ukairudisha baadae, "imerudishwa" yako inaenda kwa mtu asiye na hatia ambaye jina lake limeibiwa, na wewe ndo unaonekana mwaga spamu.

Jaribu kabla ya kuamini. Kuna faili la majaribio la EICAR, baiti 68, halina madhara ila kila antivirusi imekubaliana kulikamata, jitumie kutoka akaunti ya nje. Kwa spamu kuna mstari wa GTUBE, kazi ileile. Mtoa huduma wa akaunti hiyo ya nje akizuia faili kabla halijatoka kwake, basi jaribio halijafika kwako, tafuta njia ingine ya kulituma.

Na barua nzuri ikikamatwa, usikimbilie kuiweka anwani yake kwenye orodha ya kuruhusiwa. Fungua vichwa vya barua vyote, tafuta mstari wa Authentication-Results, uone spf, dkim na dmarc zimesema nini, kisha mistari ya pointi uone kanuni gani imeongeza nyingi. Mistari ya Received isome kutoka chini kwenda juu, ila amini ile tu iliyoandikwa na seva yako mwenyewe, ya chini mtu anaweza kuitunga. Kama tatizo ni SPF ya mteja, mwandikie fundi wake umtumie huo mstari, mara nyingi wanarekebisha siku hiyohiyo. Ukilazimika kuruhusu, ruhusu domeini kwa sharti kwamba DMARC yake imefaulu, maana ukiruhusu anwani ya From tupu umempa tapeli ufunguo, anaandika hiyo anwani pale juu na filta inampisha bila kumpima chochote.